Haleluya za Jumamosi

Mwaka jana waliniita Kihesa kwenye sherehe ya kanisa, wakanikalisha mbele na wazee wenzangu, kwenye kiti cha plastiki kilichovishwa kitambaa cheupe, kwa sababu eti mimi ni mmoja wa waliobaki. Mwinjilisti mmoja kijana, suti imemkaa vizuri, akashika kipaza sauti akasema kanisa la siku hizi limeoza, watu wanaiendea Meza ya Bwana huku midomo inanuka pombe, lakini zamani, na hapo akatunyooshea mkono sisi wazee, zamani palikuwa na nidhamu, mtu alikaguliwa kwanza. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja nyuma yangu akapiga vigelegele. Mimi sahani ya pilau niliyopewa nikaisukuma chini ya kiti. Mjukuu aliyenisindikiza kutoka Mbeya akainama, "Bibi, hujisikii?" Nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Mkaguzi aliyekuwa anasifiwa pale mbele ya watu nilikuwa mimi, na chombo cha ukaguzi kilikuwa pua yangu.

Nilifika Iringa katikati ya miaka ya hamsini nikiwa na miaka kumi na minane, nimetoka milima ya juu ya Mbeya kwa basi lililotutikisa siku mbili, nywele zimekuwa nyekundu kwa vumbi kama za mzungu. Nilikuwa na darasa la nne, magauni mawili na furaha isiyo na sababu. Hata jina langu, Tusekile, kwetu maana yake ni tumefurahi, na mimi nililichukulia kama amri. Nilikuja kwa kozi ya mwaka mmoja ya wasichana, kushona na kusoma Maandiko, na tayari nilishajipangia maisha: nikimaliza nitakwenda Makongolosi kuwahubiria wachimba dhahabu. Niliwaona kabisa wakiacha makarai yao mtoni, wanalia, wananifuata kwa mstari, na mimi mbele nimevaa kitambaa cheupe nilichokishona mwenyewe. Niliwahi kumsimulia Bibi Sekinyaga ndoto hiyo. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Na wakiacha makarai, mwanangu, watakula nini? Haleluya?"

Bibi Sekinyaga ndiye aliyenipa chumba. Alikuwa mjane, Mhehe wa Kihesa hapo hapo, mwanamke mrefu mwenye mikono isiyotulia. Akikaa lazima asuke kikapu cha milulu, zile nyasi za bwawani, na akisuka lazima aongee. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili na jiko la nje lililojaa moshi mpaka paa limekuwa jeusi linang'aa kama limepakwa mafuta. Tulikula ugali na mnavu, maharage siku za Jumapili, na mvua zilipoanza tukala kumbikumbi waliokaangwa kwa chumvi, tunawatafuna tukisikiliza maji yanavyotiririka mgongoni mwa nyumba. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo linalotazama kichaka cha mianzi aliyoiacha marehemu mumewe. Mianzi hiyo ilikuwa ikigemwa ulanzi na jirani, mume wa Mama Veneranda, Mkatoliki. Bibi mwenyewe hakuonja. Aliacha alipobatizwa, na akawaruhusu majirani wageme kwa sababu, alisema, mwanzi haujabatizwa, utatoa tu maji yake.

Wasioujua ulanzi niwaambie kidogo. Ncha ya mwanzi mchanga hukatwa, chini yake hufungwa kipande cha mwanzi mwingine kinachoitwa mbeta, na utomvu hudondoka humo. Asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anakunywa. Ukikaa unakuwa mkangafu, na mkangafu unamlaza mtu mzima mtaroni. Hakuna anayeweza kukuambia ni saa ngapi hasa mtogwa unageuka. Lakini kanisa letu lilijua. Lilisema ulanzi ni ulanzi, anayeonja ametengwa na Meza ya Bwana miezi mitatu, kisha anapiga magoti mbele ya watu wote, anakiri, anarudishwa kundini. Aliyesimamia hayo alikuwa Mzee Obadia, mzee wa kanisa. Sitaki kumsema kama shetani. Ujanani alikuwa mlevi, na pombe ilimuulia mdogo wake mbele ya macho yake, na tangu aache alishika sheria kama mtu anayevuka mto uliofurika anavyoshika kamba. Kosa lake ni kwamba kamba ile alitaka kutufunga nayo wote.

Yeye ndiye aliyebuni habari ya kunusa. Mtume alisema mahali fulani kwamba waamini ni manukato, na Mzee Obadia alilichukua neno hilo lilivyo. "Neema inaokoa," alitufundisha darasani, akitembea huku na huku na viatu vyake visivyo na kamba, "nani amekataa? Lakini aliyeokoka atajulikana kwa harufu. Sheria ya Mungu ikikaa ndani ya mtu, inanukia. Isipokaa, inanuka." Kwa hiyo kila Jumamosi kabla ya Meza ya Bwana, ambayo kwetu ilikuwa mara nne kwa mwaka mchungaji anapofika, watu walipanga foleni mlangoni na kila mmoja akasema Haleluya puani mwa mkaguzi. Lilichaguliwa neno hilo kwa sababu ile ha ya mwanzo inatoa pumzi yote ya tumboni, mtu hawezi kuibana. Wanaume aliwanusa mwenyewe. Wanawake ilikuwa taabu, maana haifai mzee kuingiza pua kinywani mwa mke wa mtu. Siku moja tukiwa darasani nikasema jikoni maziwa yanaungua, wenzangu wakabisha, tukaenda, tukakuta kweli yameanza kushika chini. Mzee Obadia akanitazama kama mtu aliyeokota kitu barabarani. "Binti Mnyakyusa," akasema, "Bwana amekupa kipawa."

Nilifurahi mno. Niliandika barua nyumbani. Jumamosi ya kwanza nilivaa gauni safi nikasimama mlangoni, na kabla jua halijafika utosini nilikuwa nimejua mambo ya wanawake wa Kihesa ambayo hata waume zao hawakuyajua. Nani ana jino limeoza na usaha. Nani anavuta ugoro kwa siri. Nani hajala tangu jana. Njaa ina harufu yake, kavu, kama chungu kilichosahauliwa juani. Mama mmoja mjamzito alikuwa ametoka kutapika, akasema Haleluya huku anafunika mdomo kwa aibu, na Mzee Obadia akamwambia ondoa mkono. Vikongwe waliinama mbele yangu mimi mtoto, wakafumba macho, wakafungua vinywa visivyo na meno, ha-le-lu-ya, mate yakanirukia shavuni. Niliporudi nyumbani nilinawa uso kwa majivu. Nilimwambia Bibi Sekinyaga, "Kazi ya Mungu nayo inachafua." Hakucheka. Alisema, "Hiyo ya Mungu sijui, mwanangu. Kula kwanza."

Mazungumzo ninayoyakumbuka kuliko mahubiri yote ya mwaka ule niliyasikia nikiwa jikoni napepeta mahindi. Mama Veneranda alikuwa amesimama upande wa pili wa ua, Bibi upande huu na kikapu chake.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Eti Jumamosi mnanusana tena?"

"Tunajiandaa kwa Meza."

"Kwetu padri anauliza moyo, kwenu wananusa mdomo. Sasa ile moyo ikinuka nani anajua?"

"Wewe unanuka yote mawili, nani akusaidie."

Wakacheka. Kisha Mama Veneranda akasema kwa sauti nyingine, "Lakini kweli, mama. Mtu akikosa kutii, ile wokovu inatoka? Inakuwa kama maji kwenye tenga?"

Nikasikia Bibi anavuta milulu. "Mimi sikusoma," akasema. "Naona hivi tu. Mtoto hafanani na mama yake ili azaliwe. Amezaliwa kwanza, ndipo anafanana."

"Na asipofanana?"

"Watu watasema. Lakini mama hatamrudisha tumboni."

Nilisikia, nikatikisa kichwa kama mwalimu. Nilijisemea Bibi ni mtu mwema lakini hajui mafundisho. Miaka yote hii najaribu kumkumbuka yule msichana aliyetikisa kichwa, na kila nikimpata natamani kumpiga kofi.

Kuanzia mwezi wa pili Bibi alianza kukonda. Alikuwa anakunywa maji namna ambayo sikuwahi kuiona, anamaliza mtungi mzima kabla ya saa nne, ananituma tena kisimani, na kila mara anatoka nje kujisaidia. Nyuma ya bafu, pale maji yake yalipopita, sisimizi walijipanga mstari mweusi. Alikuwa na kidonda cha kidole cha mguu kisichopona. Watu walimwona akibeba kibuyu chake cha maji kila mahali wakakonyezana; ile kiu, walisema, ni kiu ya mtu aliyelala na mkangafu, na mianzi si iko nyuma ya nyumba yake? Mimi nililala chumba cha pili na sikuwahi kumwona na mbeta mkononi. Lakini maneno ya watu ni kama moshi, unaingia kwenye nguo hata usipokaa jikoni.

Wiki moja kabla ya Pasaka aliniita nikae naye kwenye mkeka. Alikuwa amechoka kusuka. Kikapu kilikuwa kimelala pembeni nusu. "Tusekile," akasema, "mimi sitaiona Meza ya mwezi wa saba. Najua mwili wangu. Naitaka hii ya Pasaka. Mume wangu alikufa ameila, watoto wangu wawili walikufa hawajaifikia. Nataka niende nimeshiba kule." Nikamwambia utaila, bibi, na nitakushika mkono mpaka mbele. Nilisema kwa moyo wote, na machozi juu yake. Kulia kwangu siku zile kulikuwa karibu sana na kucheka.

Jumamosi ikafika, mvua imenyesha, foleni imesimama kwenye matope. Bibi alikuwa wa sita au wa saba. Alifika akihema kwa kasi, pumzi nzito nzito, amejifunga kanga mbili kwa baridi aliyokuwa akiisikia peke yake. Alinitazama kwa upendo, akainama kidogo kwa sababu alikuwa mrefu kuliko mimi, akasema Haleluya. Na pua yangu, ile ya kipawa, ikapata kitu kitamu kilichochacha. Hakikuwa kidogo. Kilikuwa wazi kama tunda lililosahauliwa kwenye mfuko.

Mzee Obadia alikuwa amesimama hatua mbili. "Vipi?"

Najua vizuri nilichofikiri, kwa sababu nimekifikiri tena mara nyingi mno. Nilifikiri amri ya nane ya katekisimu yetu, usimshuhudie jirani yako uongo. Niliwaza kwamba nikisema uongo mlangoni mwa kanisa, kesho nitakula hukumu yangu mwenyewe. Nilifikiri Makongolosi pia, Mungu anisamehe, nikajiuliza wachimba dhahabu watamfuataje mhubiri mwongo. Nafsi yangu ikasafiri kote huko kutafuta wokovu wake yenyewe, na yule mwanamke aliyenilisha miezi yote ile amesimama mbele yangu anahema.

"Ipo," nikasema.

Bibi akaniuliza taratibu, "Umenusa vizuri, mwanangu?"

"Nimenusa, bibi."

"Basi."

Hakubishana. Aligeuka, akashika ukuta, akatoka kwenye foleni, na wanawake wakampisha wakivuta kanga zao zisiguse za kwake. Mchungaji alifika jioni ile ile akaambiwa. Alikuwa mtu mpole aliyechoka na safari, matope mpaka magotini, akasema, "Mama huyu ni mgonjwa, tusimpe miezi mitatu. Kesho akiri tu mbele ya watu kwamba alikunywa, nitampa Meza hapo hapo, yaishe." Mzee Obadia mwenyewe alikuja kumwambia, akasimama mlangoni kwa Bibi, kofia mkononi. Naamini alidhani analeta habari njema.

"Niseme nilikunywa?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, mama. Neno moja tu."

"Sikunywa, Obadia."

"Mama, pua imeshuhudia."

"Pua ishuhudie yake. Mimi nikisema nilikunywa nitakuwa nimesema uongo madhabahuni ili nipate mkate. Mmenifundisha wenyewe amri ya nane. Sasa mnataka niivunje ili mniokoe?"

Mzee Obadia akavaa kofia yake. "Kiburi nacho ni pombe," akasema, akaondoka. Mimi nilikuwa jikoni, mwiko mkononi, ugali unaungua, na pua yangu haikuniambia.

Asubuhi ya Pasaka sikuila Meza, nilijisingizia tumbo. Nilikaa naye. Kengele ilipogongwa ya kuwaita watu mbele, akafungua macho, akasikiliza mpaka mwisho, akayafumba. Alikufa Jumatano mchana, pumzi yake imejaza chumba kizima na ule utamu uliochacha, hata Mama Veneranda aliyekuwa amemshika kichwa akasema kwa mshangao, "Lakini huyu hajanywa kitu chochote, hata maji yanamshinda." Ndipo nilipoelewa kwamba sijui nilichokinusa. Kanisa halikumgongea kengele wala kumwimbia. Mume wa Mama Veneranda, mgema, ndiye aliyechimba kaburi na wenzake, na Wakatoliki wakasema sala zao kwa sauti ndogo, kama watu walioazima chombo cha mwenyewe. Baadaye Mzee Obadia alifika kwenye matanga. Alinawa mikono, akala ugali wa msiba kwa utulivu, tonge moja moja, akalamba kidole, akaniambia mbele ya watu, "Tusekile, usihuzunike. Pua yako imelinda kundi." Nilitoka nje, nikazunguka bafu, nikatapika mpaka ikatoka nyongo.

Ilinichukua zaidi ya miaka thelathini kujua. Niliugua sukari, nikapelekwa hospitali Mbeya sijitambui vizuri, na mganga mmoja kijana akainama akasogeza uso wake karibu kabisa na mdomo wangu. Nikajifunika kwa mkono. Akauondoa polepole, akanusa. "Usiogope, mama," akasema. "Sukari ikizidi sana pumzi inanuka hivi, kama tunda lililochacha. Wengi wanadhani mtu kalewa." Akaita nesi, wakanitundikia maji, nikapata nafuu. Nililia siku tatu na wenzangu wa wodini wakadhani naogopa sindano.

Nimewasimulia watu wachache habari hii, na wote, bila hata mmoja kukosea, wanasema jambo lile lile: "Afadhali. Kumbe Bibi hakuvunja sheria." Wanasema kwa kunifariji, na mimi nasikia kinyaa kuliko hata nilipozinusa zile Haleluya. Afadhali kwa nani? Angekuwa amekunywa je? Mwanamke anayekufa, baridi imemshika mifupani, Mama Veneranda akampa kikombe cha mkangafu kumchangamsha, akanywa: hapo ndipo Mungu angemfungia mlango, na kufa bila mkate kungekuwa haki yake? Bibi aliitii sheria kuliko sisi sote. Aliitii mpaka ikamnyima alichokitaka. Na bado sitaki utii huo uwe tiketi yake, kwa sababu nikiukubali, nitakuwa nimesimama tena mlangoni nimevaa gauni safi, nauliza mtu ana harufu gani. Mimi mwenyewe sikusema uongo siku ile. Nilitii amri neno kwa neno, na sijawahi kutenda jambo chafu kama hilo tangu nizaliwe.

Mwezi wa saba wa mwaka ule ule Bibi aliokufa, mchungaji akaja tena. Nilikuwa nimehamia kwa Mama Veneranda, nikimalizia kozi yangu. Mzee Obadia akaniita mlangoni nikaenda, na watu wakashangaa nimekwenda. Wanawake walikuja mmoja mmoja. Walikuwa wananiogopa sasa. Wengine walikuwa wametafuna majani ya mpera mpaka ulimi umekuwa kijani. Msimu wa ulanzi ulikuwa umepita, lakini komoni, pombe ya mahindi, haina msimu, na mwanamke mmoja, mke wa mtengeneza matofali ambaye mumewe alikuwa akimpiga na kila mtu alijua, alifika miguu inapishana. Sikuhitaji kipawa. Alisema Haleluya ikatoka vipande vipande, na ilinuka pombe hasa, pombe ya jana na ya leo, nzito, chungu, nikaisikia mpaka kwenye macho.

"Vipi huyu?" akauliza Mzee Obadia.

"Safi, mzee."

Akanitazama. "Una hakika?"

"Mzee, si ulisema ni kipawa? Kama huniamini, njoo unuse mwenyewe."

Hakuja. Hakuweza, mbele za watu. Yule mama akanitumbulia macho kama mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake. Na baada yake nilisema safi, safi, safi, bila hata kuvuta pumzi, mpaka foleni ikaisha, na Mzee Obadia akaandika kwamba kanisa limetakasika.

Jumapili watu wakaenda mbele. Mimi sikuenda, nilikuwa nimesema uongo mara ishirini na zaidi, na nilibaki kwenye benchi nikijua kabisa nimeivunja amri, nangoja moyo unisute, nao haukunisuta. Mke wa mtengeneza matofali alikwenda, akapiga magoti akiyumba, akapokea. Aliporudi alipita nafasi zote zilizo wazi akaja kuketi kando yangu, ananuka vibaya, makombo ya mkate yako mdomoni. Nikageuza uso nivute hewa. Kabla ya baraka alikuwa amesinzia, kichwa chake kimenilalia begani, anakoroma kidogo, na wanawake wa benchi la mbele wakawa wanageuka kutazama. Nikanyoosha mkono, nikamfuta makombo, nikamwacha alale.